Maneno ya mahakamani ya Kiurdu: yanafanana na Kiswahili, ndiyo yanayoniponza

BintiWaMalindi

Asalaam alaykum wapendwa. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, mwaka wa nne sasa niko Muscat, kwenye ofisi ndogo ya tafsiri huku Ruwi. Wateja wetu wengi ni Wapakistani: madereva, mafundi cherehani, wauza simu. Wanakuja na karatasi mbilimbili, moja ya Kiurdu iliyojaa mihuri hadi pembeni, na moja ya Kiingereza waliyotafsiriwa kwao. Sisi tunatoa ya Kiarabu. Kazi yangu ni kulinganisha Kiingereza na Kiurdu kabla mtafsiri wetu hajaanza kuandika.

Kiurdu nimekiokota kwa masikio, kwa tamthilia na kwa majirani wa ghorofa ya juu. Herufi, ambazo ni za Kiarabu, nilizipata chuo cha Kurani kama kila mtoto wa Unguja, kwa hiyo kusoma nasoma. Nikawa najiona hodari. Wakili kwao ni vakil, rehani ni rahn, wosia ni wasiyat, hiba ni hiba ileile. Hata laki yao ni laki yetu. Nikasema lugha hii ni ya nyumbani, imebadilisha kanzu tu.

Wiki iliyopita nimeumbuka. Cheti cha ndoa cha fundi mmoja, kile wanachokiita nikah-nama, Kiingereza chake kiligawa mahari: rupia laki moja "prompt", ya papo, laki nne "deferred", ya baadaye. Kwenye Kiurdu nikaona neno moja limerudiwa, muajjal hapa na muajjal pale. Nikajua aliyetafsiri kakosea. Nikachukua kalamu nikasahihisha, laki zote tano zikawa za kulipwa baadaye. Mteja akarudi siku ya pili na shemeji yake, uso mwekundu. Mkuu wangu hakusema kitu. Alinisogezea ile karatasi mezani, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, akaondoka.

Na si hilo tu. Kuna mkataba wa pango unaoanza na "fareeq-e-awwal", nikacheka peke yangu maana nilisoma "marehemu wa kwanza". Kuna karatasi ya talaka ina "nafqa", nikajiuliza mume anadaiwa mahindi au mtama. Kuna "mahkama" ambayo haina hakimu ndani yake. Nani aliyewahi kupita njia hii? Ninataka maana ya maneno haya ya kisheria ya Kiurdu jinsi Wapakistani wenyewe wanavyoyatumia. Kamusi ninazo mbili, zote mbili zinanipa maneno matano kwa moja.

KaraniWaZamani

Waalaykum salaam binti. Umenikumbusha mbali.

Mimi ni wa Mombasa. 1983 nalikwenda Karachi kusoma sheria. Sheria ikanishinda mwaka wa pili, lakini njaa haikunipa likizo, nikaingia kwa munshi mmoja pale City Court, barabara ya M.A. Jinnah. Munshi kwao ni karani wa wakili: ndiye anayejua faili liko wapi, jaji ameamka vipi, na tarehe ijayo itakuwa lini. Nikakaa naye miaka sita, nikibeba mafaili na kunakili maombi kwa mkono. Kwa hiyo haya ninayokuandikia sikuyatoa kitabuni.

Tuanze na kidonda chako. Hukuona neno moja, uliona mawili. Rudi kwenye karatasi utazame katikati ya neno. Moja lina herufi *ain*, معجل. La pili lina *wau* iliyobeba *hamza*, مؤجل. Mpakistani haitamki ain kama tulivyofunzwa na mwalimu wa chuo, huimeza, kwa hiyo masikioni yanakaribiana sana na wewe unajifunza kwa masikio. Lenye ain linatoka kwenye haraka. Hapo Muscat bila shaka umeshaona bahasha imeandikwa "mustaajil", basi ni ukoo huo. Hiyo ndiyo mahari ya papo, mke akiidai leo ni haki yake leo. Lenye hamza linatoka kwenye *ajal*, muda uliowekwa, na sisi tunalo kila siku: *ajali*. Wazee wakisema fulani imemfikia ajali yake hawakusudii gari, wanakusudia siku yake imefika. Hiyo ndiyo mahari ya baadaye, inayongoja talaka au mauti.

Herufi moja, laki moja. Na kosa hili si lako peke yako, nimeona mawakili wanagombana nalo mchana kutwa, kwa sababu waandikaji wengi wa vyeti huandika wanavyosikia. Sheria yao ya ndoa ya 1961 imeweka ulinzi: kifungu cha 10 kinasema ikiwa cheti hakikueleza mahari italipwa kwa njia gani, basi yote ihesabiwe ya kulipwa mke anapoidai. Wewe ulifanya kinyume, ukampeleka mke mwisho wa foleni. Ndiyo maana shemeji alikuja na uso ule.

Sasa hao ndugu zetu wengine. *Fareeq* ni upande katika mkataba au kesi, "party" ya Kiingereza. Fareeq-e-awwal ni upande wa kwanza, fareeqain ni pande zote mbili. Mzizi ni kutengana. Waarabu walitupa sisi kutengana na dunia, wao wakapewa kutengana mezani. *Mahkama* kwao ni idara ya serikali, mahkama-e-taleem ni idara ya elimu. Mahakama yetu wao huiita *adalat*. Mteja akikwambia anafanya kazi mahkama ya misitu, si hakimu huyo, yuwalinda miti. *Nafqa* ni matunzo ya mke na watoto, na mara nyingi utaiona imefungwa pamoja na mkate, *nan-o-nafqa*. Sisi tukalichukua neno la matunzo tukalitia gunia, likawa mahindi na mtama. Hukuwa mbali sana.

*Jirah* nayo usiitafute hospitali. Ni yale maswali ya wakili wa upande wa pili kwa shahidi, Watanzania huyaita maswali ya dodoso. Ndiyo jeraha yetu kwa mzizi, na mtu aliyewahi kusimama kizimbani haoni ajabu.

Lakini nikuonye zaidi juu ya jozi hii, maana hapa mtu huharibikiwa jina: *mulzim* na *mujrim*. Mulzim ni mtu aliyebebeshwa *ilzam*, tuhuma. Ni mshtakiwa tu. Mujrim ni yule ambaye mahakama imekwisha kusema alitenda *jurm*, jinai. Kwa sikio la mgeni yanakaribiana, na mtafsiri mvivu huandika "mhalifu" kwa yote mawili. Nalimwona kijana wa Lyari, mtaa wa Karachi, aliyekosa kazi ya meli kwa karatasi ya Kiingereza iliyomwita "convict", yaani mujrim, na ya Kiurdu ilikuwa imeandika mulzim, tena katika kesi iliyofutwa. Ukikutana na maneno hayo, simamisha kalamu.

Nyingine nitakuandikia kesho, macho yamechoka.

WakiliMsomi_Dar

Karani, heshima yako. Nimesoma nikacheka kwenye jeraha.

Niongeze kidogo upande wangu. Binti, usishangae kwamba fomu zao unazielewa mpangilio wake hata kabla ya lugha. Mwingereza alituletea huku sheria alizozitengeneza India. Sheria yetu ya Mikataba ya 1961 imefuata ile ya India ya 1872. Mwenendo wa madai wa 1966 umefuata ule wa India wa 1908. Sheria ya Ushahidi ya 1967 vilevile, mama yake ni ya 1872. Pakistan walirithi nyumba hiyohiyo, ila ile ya ushahidi wakaiandika upya 1984 na kuipa jina la Qanun-e-Shahadat. Kwa hiyo ukiona hati ya Lahore imejengeka kama hati ya mahakama ya Kisutu hapa Dar, ni fundi mmoja.

Tofauti ni kwamba wao walianza kazi ya kutafsiri mapema mno. Kiajemi kilipovuliwa ufalme mahakamani 1837, Kiurdu kilishika nafasi katika mahakama za chini za kaskazini. Sheria ya Jinai ya India ya 1860 ikapata Kiurdu chake, Tazirat-e-Hind, na mmoja wa watafsiri alikuwa Nazir Ahmad, yule aliyekuja kuandika riwaya. Vifungu vyake vimeingia hadi mitaani. Tapeli kwao ni "char sau bees", mia nne na ishirini, namba ya kifungu cha udanganyifu.

Sisi mahakama zetu zimeambiwa Kiswahili kwa sheria mwaka 2021, na sasa ndiyo tunahangaika. Mwenzangu mmoja alitafsiri "consideration" ya mkataba, yaani kile kinachotolewa kwa kubadilishana, akaandika "mazingatio". Mheshimiwa akamuuliza mteja wako alilipa mazingatio kiasi gani? Waurdu husema *badal*, na mimi tangu siku hiyo ninaandika "badala iliyotolewa" na hakuna aliyenicheka.

Chap_Chap254

Wazee mnajichosha. Piga picha karatasi, weka kwenye programu ya simu, dakika moja umemaliza. Hii ni karne gani?

KaraniWaZamani

Kijana, piga picha neno *razi-nama* unipe jibu.

Wakati unangoja, niendelee na binti. Ile "nama" mwishoni ni Kiajemi, ni hati. Ukiijua umeshika nusu ya sanduku. Kiraya-nama ni mkataba wa pango, bay-nama ni hati ya mauzo, wasiyat-nama ni wosia ulioandikwa. Lakini kuna mbili ambazo wageni huzichanganya kila siku ya Mungu. *Wakalat-nama* ni karatasi ya kumpa wakili kesi yako mahakamani, basi, haivuki mlango wa mahakama. *Mukhtar-nama* ni ile ya kumpa mtu mamlaka ya kukufanyia mambo yako, kuuza kiwanja, kutoa fedha benki. Ikiwa *aam* ni ya mambo yote, ikiwa *khaas* ni ya jambo moja lililotajwa. Watu wa huko Ghuba ndio wateja wakubwa wa mukhtar-nama, kwa sababu wao wako kazini na kiwanja kiko Sialkot na kaka ndiye aliye nyumbani. Ukiandika wakala wa kesi pahali pa wakala wa mali, kaka hauzi kitu. Ukiandika aam pahali pa khaas, kaka anauza mpaka nyumba ya mama.

Affidavit ni *bayan-e-halfi*, maelezo ya kiapo. Hapo ndani mna *bayan*, na sisi tunayo bayana. Ila usikie vizuri, maana kuna *bayana* yao ambayo haina uhusiano na uwazi wowote. Ni ile fedha ya mbele ya kufunga biashara, tunayoiita arubuni. Mteja akisema ametoa bayana, si kwamba ameeleza, ni kwamba ametoa fedha.

Na hili nimeliweka kiporo kwa sababu nalipenda. Kiurdu kina *saman* tatu. Moja ni سمن, samansi ya mahakama, Kiingereza kilichokatwa mkia. Ya pili ni سامان, vitu vya nyumbani, vitanda na masufuria. Ya tatu ni ثمن, bei, ambayo kwenye bay-nama utaiona kama *zar-e-saman*. Ya katikati ina irabu ndefu, mbili nyingine ni mapacha kwa sikio. Sasa tazama Kiswahili: samansi, samani, thamani. Tatu zote tunazo na kila moja tumeipa uso wake! Hapo, binti, Kiswahili kimekusaidia kuliko kamusi zako mbili.

"Bail" ni *zamanat*, dhamana yetu bila mabadiliko, na mdhamini ni *zamin*. Hiyo nenda nayo tu. Usimchanganye na *zameen*, ardhi.

Chap_Chap254

Simu inasema "barua ya ridhaa". Si ndiyo hiyo?

KaraniWaZamani

Ndiyo, na siyo. Ridhaa imo, lakini nani karidhia nini? Razi-nama ni hati ya pande mbili kupatana na kesi kumalizwa. Pakistan, katika kesi ya mauaji, warithi wa marehemu wanaweza kusamehe au kupokea fidia, vifungu vya 309 na 310 vya sheria yao ya jinai, na karatasi inayoletwa mbele ya jaji huitwa jina hilo. Mtu atatoka kitanzini kwa karatasi hiyo, ingawa jaji ana uwezo wa kukataa. Wewe ukaniandikia barua ya ridhaa, kama mtoto wa shule anayekwenda safari ya kuona wanyama.

MamaNgara

Hodi. Mimi nimeolewa kwa Wapunjabi wa Nairobi miaka ishirini na tisa, jikoni kwangu ni Kipunjabi, kwa mama mkwe ni Kiurdu, na karatasi za familia ya Pakistan nimezisoma hadi nikachoka.

Ami Karani, ninakuunga mkono lakini kwenye mahari umemwachia binti mtego. Wengi siku hizi hawaandiki hiyo ya hamza kabisa. Huandika *muajjal* na *ghair muajjal*, yaani ya papo na isiyo ya papo. Shemeji yangu alioa Faisalabad, cheti chake kiko hivyo. Kwa hiyo binti asitafute hamza tu. Akiona "ghair" mbele ya neno ajue hiyo ndiyo ya baadaye.

Na wewe binti, ukishamaliza mahari kwenye safu ya 13 hadi 16, usiikimbilie saini. Tazama safu ya 18. Pale mume anaulizwa kama amemkabidhi mke haki ya kujitoa kwa talaka. Mara nyingi utakuta mstari umechorwa juu yake, na bibi harusi hakuulizwa wala hakujua kuna swali. Mtafsiri wa Kiingereza akiona mstari huacha tupu. Wewe usiache tupu. Andika kwamba safu imefutwa kwa mstari. Tupu na kufutwa si kitu kimoja, na mke akija kudai siku moja hapo ndipo wakili wake ataanzia. Asipokuwa na haki hiyo njia yake ni *khula*, khului tunayoijua kwa kadhi, na lazima aende mahakamani.

Kingine kidogo. "Mst." mbele ya jina la mwanamke si "Mistress". Ni *musammat*, aitwaye. Nimeona hati ya Kiingereza imemfanya bibi wa miaka themanini kuwa hawara wa mtu.

KaraniWaZamani

MamaNgara, nimekubali. Zama zetu munshi wangu alikuwa mkali, hakukubali ghair muajjal, alisema ni lugha ya wavivu. Lakini wavivu ndio wameshinda, kama kawaida. Na "musammat" hiyo umenichekesha mpaka mke wangu amekuja kuuliza nasoma nini.

WakiliMsomi_Dar

Mimi nina swali kwa Ami. Je, kwenye mahakama za juu wanaandika Kiurdu? Nakumbuka Mahakama ya Juu ya Pakistan iliamuru Kiurdu kitumike serikalini, Septemba 2015, Jaji Mkuu akiwa Jawwad S. Khawaja, kwa kuwa katiba yao ya 1973 ilikuwa imetoa miaka kumi na tano tu ya maandalizi.

KaraniWaZamani

Amri nzuri sana, na hukumu za juu zinaendelea kutoka kwa Kiingereza. Wakati wangu ilikuwa hivi: polisi anaandika ripoti ya kwanza kwa Kiurdu kilichojaa Kiajemi, shahidi anasema Kipunjabi au Kisindhi, karani wa mahakama anaandika Kiurdu, jaji anatoa hukumu kwa Kiingereza, na mama wa mshtakiwa anasimama uani anamuuliza munshi, "wamesema nini?" Munshi anamjibu kwa neno moja. Neno hilo ndilo alilosafiri kwa basi usiku kucha kulisikia.

Basi binti, ukikutana na neno usianze kuuliza linafanana na nini kwetu. Jiulize huyu mama angeambiwa nini.

BintiWaMalindi

Nashika moo Ami, na wewe Mama Ngara. Wakili, ahsante.

Nimekaa na zile karatasi tangu asubuhi. Kwanza nimelitazama lile la fundi kwa kioo cha kukuzia: ain ipo, na hamza ipo, ndogo kama mbu juu ya wau. Ilikuwepo siku zote. Nimempigia simu mwenyewe, nikamwomba radhi, tumemwandikia upya bila malipo. Ameniuliza ni nani aliyenifundisha, nikasema mzee wa Mombasa aliyekaa City Court. Akasema kwa sauti kubwa "Karachi!" kama mtu aliyekutana na jirani.

Safu ya 18 yake ina mstari. Nimeandika kwamba ina mstari.

Mchana huu ameingia mwingine na bayan-e-halfi, kurasa tatu, kiwanja cha baba yake Gujrat ya Pakistan, na mukhtar-nama nyuma yake. Kiingereza chake kiliandika "general", yaani aam. Kiurdu kimeandika khaas, kwa kiwanja kimoja tu, namba yake imetajwa. Nimekwenda kwa mkuu na karatasi zote mbili, nimemwonyesha kwa kidole. Amesoma mara mbili, ameita mtafsiri wetu, wamesahihisha. Kikombe chake cha chai ametoka nacho mkononi.